Mwamuzi Aliyegeuza Shingo Kujibu Salamu

Saa tatu asubuhi, kwenye uwanja wa saruji wenye wavu kwenye kikapu kimoja tu, mwanamke wa miaka arobaini na tisa anakimbia kinyumenyume. Macho yako kwa watoto wa shule ya msingi wanaogombania mpira. Mmoja ameukumbatia na kutimua nao mbio kama wa kwake. Filimbi inalia.

"Refa, mwache mtoto acheze bwana!" mzazi mmoja anafoka.

Mwamuzi hajibu wala hageuki. Aligeuka mara moja, msimu uliopita, na ndiyo sababu leo yuko hapa na watoto.

Wachezaji humwita Mama Filimbi. Siku za kazi hushona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Wikendi zilikuwa za ligi ya juu ya mpira wa kikapu, miaka kumi na miwili mfululizo.

"Watu wanadhani kazi yetu ni kupuliza," anasema wakati wa mapumziko, akijifuta jasho kwa kiganja. "Kazi yetu ni kusimama. Ukisimama pabaya utaona migongo tu."

Mwamuzi mmoja hukaa chini ya kikapu, mwenzake hubaki nyuma ya mchezo, kando ya mstari wa pembeni. Kila mmoja ana eneo lake, na la mwenzako huliingilii. Siku ya nusu fainali, mstari unaopita mbele ya mabenchi ulikuwa wake.

Zilibaki sekunde chache. Timu iliyokuwa nyuma kwa pointi moja ilikuwa ya kocha mkongwe, aliyemfundisha mwamuzi huyu kucheza tangu akiwa msichana. Mchezo mzima kocha huyo alikuwa akimzodoa mwamuzi.

"Kocha akifoka, namwonyesha kiganja: inatosha. Akirudia, nampa adhabu. Hilo halinisumbui."

Safari hii kocha hakufoka. Alisogea karibu akauliza kwa upole, "Mwanangu, mama anaendeleaje?"

Mama yake alikuwa amelazwa, hali si nzuri.

"Niligeuza shingo nikamwambia, 'Ahsante mwalimu, anapata nafuu.' Niliporudisha macho, mpira unaingia kikapuni."

Mfungaji, mchezaji wa kocha huyohuyo, alikuwa amekanyaga mstari wa pembeni karibu kabisa na miguu ya mwamuzi, yaani mpira ulikuwa umeshatoka nje. Ukumbi mzima uliona, isipokuwa yeye. Mwenzake chini ya kikapu alikuwa akiwaangalia waliokuwa wakisukumana pale, kama inavyompasa. Pointi zikahesabiwa, na video ikaanza kuzunguka kwenye simu za watu kabla hajavua viatu.

Kamati ya waamuzi ikamshusha hadi michezo ya watoto. Kocha akaenda fainali, akabeba kombe. Hapo ndipo habari hii inaponikaa kooni. Aliyeitega salamu anapongezwa, aliyeijibu kwa adabu ndiye mkosaji.

Nilipomuuliza kocha, alicheka. "Siku hizi kumjulia hali mgonjwa nayo ni kosa? Yule nimemlea mimi."

Mume wa mwamuzi hataki hata kumsikia. "Alimlea wapi? Yule mzee hakukanyaga hospitali hata siku moja. Mama mkwe alipofariki, msibani hatukumwona."

Mwamuzi mwenyewe anajilaumu, jambo linaloniudhi zaidi. "Yeye ndiye aliyetufundisha kumwitikia mkubwa," anasema. "Alijua nitajibu. Lakini shingo ni yangu, niliigeuza mimi."

Jumamosi ijayo kamati imempa mchezo mmoja wa majaribio. Akifanya vizuri, atamalizia msimu wake wa mwisho ligi ya juu. Akikosea, atastaafia hapa kwa watoto, kwani mwakani umri hautamruhusu tena. Moja ya timu zitakazocheza ni ya kocha yule.

Kila jioni anajifua. Mumewe husimama pembeni ya uwanja akimsemesha makusudi.

"Ananiambia mboga imeungua, mara mtoto kaanguka," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka. "Mwanzoni niligeukia kila kitu. Sasa hivi nyumba inaweza kuwaka moto."

Na kocha akimpa pole ya msiba? namuuliza.

Kicheko kinakatika. Anaifuta filimbi yake kwa pindo la fulana.

"Atanipa. Nina hakika ameiweka akiba kwa siku hiyo," anasema. "Nitaisikia vizuri tu. Nitamwitikia mchezo ukiisha, kama bado atakuwa na haja ya kunipa."