Siku Nilipotumwa Kuchukua Mbegu ya Mama

Kila ninaposimulia habari hii hapa Kawajense ninakoishi sasa, lazima atokee mtu aniulize, "Kwani na wewe ulirogwa?" Anauliza huku anacheka. Sikurogwa. Nilimaliza kidato cha nne, niliimba kwaya sauti ya pili, na muuza vitenge hajawahi kunibabaisha kwa bei. Kwenye kile kikundi cha dini niliingia kwa miguu yangu miwili, mchana kweupe. Anayetaka kucheka acheke, lakini anisikilize hadi mwisho, maana hao wanaocheka sana ndio ninaowaogopea.

Wakati huo nilikuwa bado naishi kijijini kwetu, upande wa Usevya. Mume wangu alifariki katikati ya msimu wa palizi, homa ya siku nne tu. Jumuiya yetu ya kanisani ilikuja kama kawaida. Waliimba, walipika, walilala msibani siku tatu, wakachanga unga. Sina la kuwalaumu. Halafu kila mtu akarudi kwenye majaruba yake ya mpunga, kwa sababu magugu hayajui msiba. Nikabaki na mpunga unaomezwa na nyasi, na nyumba iliyokuwa kimya mpaka kikohozi changu mwenyewe kinanishtua.

Ndipo wakaja wanawake sita, kanga zimefungwa viunoni. Hawakuniuliza nasali wapi. Waliingia jarubani wakapalilia hadi jua likawa kali, wakakataa hata maji yangu ya kunywa, wakaondoka. Kesho yake wakarudi. Keshokutwa wakarudi tena. Mmoja wao, dada mmoja mrefu mwenye sauti nzito, alikuwa anapalilia mstari wa pembeni yangu. Siku nilipoanza kulia nimeshika gugu mkononi, hakuniambia "jikaze". Jamani, kila mtu alikuwa ameniambia nijikaze! Yeye aliendelea kung'oa magugu ya upande wake na ya upande wangu. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hawakuongeza kwamba umchunguze kwanza.

Basi nikaanza kwenda nao kwenye banda lao la nyasi walikokuwa wanasali, nje ya kijiji. Kiongozi wao tulimwita Mtumishi. Zamani alikuwa fundi baiskeli. Hakuwa na makelele wala miujiza. Alizungumza polepole, na alikumbuka shida ya kila mtu, hata ile uliyoitaja mara moja tu. Ukiwa mjane wa miezi miwili, mtu akikuuliza "Ule usingizi umerudi?" utamfuata hata kwenye miiba.

Siku ya kwanza hakuna aliyeniambia niache ndugu zangu. Thubutu! Ningewarushia ndala nirudi nyumbani. Kwanza tuliambiwa tusile chakula cha misiba ya watu wa nje. Sawa, chakula tu. Baadaye ikawa tusiende kwenye misiba yenyewe. Baadaye nikitaka kuuza kuku nimuulize Mtumishi, na simu iwashwe kwa ruhusa yake. Kila jambo lilikuwa dogo, na kila nilipotaka kulikataa niliwaona wale wanawake wameinama kwenye jaruba langu. Ningewakatalia kwa uso gani? Hivyo ndivyo watu wanavyoingia, na msinidanganye kwamba ni ujinga. Nilikuwa na shukrani, na shukrani yangu ndiyo iliyofungwa kamba.

Mvua za kwanza zilipokaribia, Mtumishi akaja na habari ya mbegu.

Asiyelima hataona uzito wake, kwa hiyo nieleze. Kwetu mpunga wa mbegu hauliwi. Kabla ya mavuno mama yangu hupita jarubani peke yake, anachagua masuke yaliyoshiba, anayakata kwa kisu moja moja, anayakausha kando. Punje zake zinakaa kwenye ndoo yenye mfuniko chini ya kitanda, na mtoto anayeigusa anachapwa. Mwaka mmoja wa njaa, nikiwa mdogo, tulikunywa uji wa pumba na kulala juu ya ile ndoo imejaa. Hakuna aliyethubutu kuitaja.

Mtumishi akasema mwisho wa dunia umefika, msimu huu hautavunwa. "Anayeweka mbegu," akasema kwa ile sauti yake ya upole, "anamwambia Mungu, najua hutakuja mwaka huu." Kwa hiyo kila mmoja alete mbegu yake tuitwange, tuipike, tuile pamoja, iwe ushahidi wa imani.

Na tukaleta! Wakulima wazima, watoto wa wakulima, tulibeba mbegu vichwani tukaipeleka kwenye kinu. Yangu niliitwanga kwa mikono yangu. Wali ule ulikuwa mtamu, na hilo linaniudhi mpaka leo. Tuliimba, tukakumbatiana, nikajiona mwepesi kabisa. Mtu aliyekula mbegu yake hana tena pa kurudi, anabaki kuwategemea wenzake aliokula nao. Mtumishi alilijua hilo. Sisi tulidhani ni imani.

Wiki iliyofuata akaniita. "Mama yako anayo mbegu," akasema. "Kailete. Akikataa, mwambie mbele ya mashahidi kwamba kuanzia leo wewe si mwanawe." Akanipa mashahidi wawili, bibi mmoja mnene na yule dada mrefu.

Njia nzima nilikuwa naomba mama akubali. Nisingeweza kuwapoteza hawa watu, ndio pekee waliokuwa wananijua. Na mama nisingeweza kumpoteza, ndiye aliyenizaa. Niliomba tu atoe ile ndoo, yaishe.

Tulimkuta uani anabangua karanga. Tukampa shikamoo, akaitikia, akatupa vigoda. Nikasema nilichotumwa, haraka haraka, macho chini. Mama aliendelea kubangua.

"Huyo Mtumishi wenu amelima majaruba mangapi mwaka huu?"

"Halimi, mama. Anaomba."

"Ahaa. Ndiyo maana hajui mbegu."

Yule bibi akakohoa kwa nguvu, kunikumbusha. Nikaanza, "Mama, ukikataa nimeambiwa..."

"Umeambiwa uniache," mama akamalizia. Akaweka ungo chini. "Sasa nisikilize, mwanangu, na nyie wageni sikilizeni. Baba yake huyu alipofariki, mimi niliacha kanisa. Miaka miwili sikukanyaga. Nilimwambia katekista usoni kwamba nimechoka na Mungu wake. Unajua alinifanya nini? Kila akipita na baiskeli yake alisimama, akanisalimia, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake. Wewe ukaendelea kucheza na watoto wake. Nilirudi siku niliyotaka mwenyewe. Haya, wewe leo ukisema hapana, hawa wawili kesho watakusalimia?"

Sikuwa nimejiuliza swali hilo hata mara moja. Nikamgeukia yule dada mrefu. "Dada, mtanisalimia?"

Aliangalia chini. Angeweza kunidanganya, na hakunidanganya. Ndiyo maana nampenda hadi leo.

Nikasimama. Machozi yalikuwa yananitoka, sikatai. "Huyu ni mama yangu," nikasema. "Kamwambieni hivyo. Na mwambieni mbegu haitoki ndani."

"Fikiria vizuri," bibi akasema.

"Nimefikiria. Nendeni."

Walipoondoka nililia mpaka jioni, na mama hakunibembeleza. Alinipa karanga nibangue.

Siku hizi watu wananieleza kwamba kikundi kibaya kinajulikana kwa udogo wake, au kwa kupiga kelele, au kwa kiongozi asiyesoma. Ebo! Dini zote zilianza na watu wachache. Na hao wasomi, wangapi nimewaona wamepiga magoti mbele ya tapeli mwenye suti? Hata kanisani kwangu nilikorudi kuna mambo yananichefua, na huwa nayasema kwa sauti. Nikishayasema, Jumapili ijayo nakaa benchi lilelile na jirani yangu ananisogelea nipate nafasi. Mimi kipimo changu ni hicho. Sema hapana, halafu utazame nani anakugeuzia mgongo. Usiponiamini, kajaribu huko unakosali. Ukiona unaogopa hata kujaribu, jibu unalo.

Mama alinigawia nusu ya ile mbegu. Wenzangu wa jana walianza kupita mbele ya nyumba yangu kama wanapita mbele ya kichuguu. Kwetu kumnyima mtu salamu ni zaidi ya tusi, na wale walikuwa watu waliowahi kunishika mkono nikilia. Iliniuma vibaya. Lakini mimi nami ni mkorofi. Kila walipopita niliacha kazi, nikasimama barabarani, nikawasalimia mmoja mmoja kwa sauti ya kusikika hadi mtoni. Wazee niliwapa shikamoo zao, vijana nikawauliza habari za kwao. Hawakujibu. Kesho yake nikasimama tena. Mtumishi alipita siku moja, naye nilimsalimia, nikamuuliza kama amepata jembe.

Mvua zikanyesha, na mwisho haukuja. Kila mahali watu walikuwa wanapanda, isipokuwa wale. Majaruba yao yalijaa maji matupu, nao wakaendelea kukaa bandani wakiimba, kwa sababu Mtumishi alisema Mungu amewaongezea siku chache za kujitakasa.

Mchana mmoja nikiwa jarubani nimeinama napanda, ndoo ya mbegu kando yangu, nikaona miguu imesimama kwenye tuta. Alikuwa yule dada mrefu. Amekonda, ile sauti nzito imebaki ya mtu mwenye mafua. Hakunisalimia. Nadhani hakujua kama bado anaruhusiwa.

"Mbegu ilibaki?" akauliza.

"Ipo."

Akatazama nyuma yake, barabarani. "Nikipanda, watanifukuza?"

Ningeweza kumwambia hawatathubutu. Ningeweza kumwambia Mungu ni mwema, yatapita. Ningempata kirahisi sana siku ile, kama nilivyopatikana mimi, kwa maneno laini na msaada wa mikono. Sikutaka.

"Watakufukuza, dada," nikamwambia. "Leo hii hii. Na mume wako yuko kule, anaweza kuwafuata wao akakuacha. Mimi nitakupa mbegu ukipanda, na nitakupa hata ukirudi kwao. Lakini kwamba hawatakufukuza, hilo siwezi kukuambia."

Akashuka kutoka kwenye tuta, maji yakamfika vifundoni. Kule bandani walikuwa wanaimba, na tuliwasikia vizuri. Kisha akafungua kanga yake kiunoni, akaitandaza mbele yangu kwa mikono miwili, na mimi nikammiminia mbegu mpaka aliposema inatosha.