Ini la Mtu Asiyekunywa

Fulgensi wa Mchombe hakuwahi kuonja pombe. Gongo ilimuua baba yake, na siku ya mazishi aliapa mbele ya mdogo wake Beatus kwamba kitu hicho hakitapita kooni mwake. Kiapo alikitunza. Kwenye harusi na sherehe za kipaimara, wenzake wakizungusha bia, yeye aliletewa soda, chupa baada ya chupa.

Alipoacha jembe na kununua mashine ya kukoboa mpunga, mwili ukabadilika. Toka asubuhi alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, akisimamia wabeba magunia. Mchele haukuwa wa kununua: asubuhi kiporo na chai yenye sukari ya kutosha, mchana wali na kambale, jioni wali tena. Tumbo likawa linatangulia, mwenyewe akifuata.

"Bosi, umenawiri!" watu walimsifu. Mkewe, Kandida, alikwenda kanisani kifua mbele. Mume mnene ni sifa ya mpishi.

Uchovu usioisha na uzito chini ya mbavu za kulia ndivyo vilivyompeleka hospitali, Ifakara. Daktari, dada mpole, alimpitishia kipimo tumboni, kisha akavuta kiti.

"Baba yangu, ini lako limejaa mafuta. Na sukari imeanza kupanda."

"Ini? Mimi sinywi, daktari."

"Nakuamini. Hili si la pombe. Ni unene, soda, wali mwingi na kukaa. Ukipungua sasa, ini linaweza kurudi katika hali yake. Ukichelewa, litaota makovu, na hayo hayafutiki."

Fulgensi aliogopa, akatii. Alirudi shambani kwa miguu, soda akaziacha, sahani ya wali akaipunguza nusu. Mashati yakaanza kumpwaya. Akawa analala vizuri, anaamka mwepesi, na moyoni alijiona amezaliwa upya.

Ila kijiji nacho kina macho. Wateja walinyamaza kila alipowasogelea. Wengine wakapeleka mpunga wao kwenye mashine nyingine. Siku moja Kandida alirudi kutoka sokoni akilia.

"Baba Gladness, wananiuliza kama umeshaanza dozi. Wananitazama kama maiti inayotembea. Wanasema una Ukimwi, na umeniambukiza."

"Si ulisikia alichosema daktari? Waambie ni ini."

"Nani atakubali mtu anaumwa ini na hanywi? Kula, mume wangu. Kula watu wakuone."

Angeweza kukataa. Lakini alikuwa amechoka kunyamaziwa. Akala palepale mlangoni pa mashine, sinia la wali mapajani, soda pembeni, wapita njia wakitazama. Kabla ya mavuno mengine, mwili ulikuwa umerudi wote na zaidi. "Ahaa, umepona!" walimwambia, wakimpiga begani. Wateja nao wakarudi.

Miaka ikapita. Kisha macho yakageuka manjano, miguu ikavimba, tumbo likajaa maji. Alipotapika damu, Beatus na Kandida walimkimbiza Ifakara. Safari hii daktari alikuwa mwingine. Alisema ini limesinyaa, limekuwa makovu matupu, akatoka kwenda kwa wagonjwa wengine.

Beatus alisimama kando ya kitanda, uso umemkauka.

"Kaka, na kile kiapo? Ulikuwa unajifichia wapi kunywa?"

"Sijanywa, Beatus. Hata tone."

"Baba naye alikuwa akisema hivyohivyo."

Fulgensi alimgeukia mkewe. "Mama Gladness, mwambie. Wewe unajua yote."

Kandida alianza kunyoosha shuka ambalo halikuwa na mkunjo. Angefungua mdomo, angelazimika kusema pia ni nani aliyemwambia mumewe ale. Akanyoosha, akanyoosha tena.

Walimrudisha Mchombe, maana hapakuwa na cha zaidi cha kufanya. Maneno ya Beatus yalikuwa yameshatangulia. Wanajumuiya walikuja kusali, wakajaa sebuleni, na mlango wa chumba ukaachwa wazi ili mgonjwa asikie. Katekista akainua sauti, akamwomba Mungu amsamehe mtumishi wake Fulgensi dhambi ya ulevi wa siri.

Fulgensi alitaka kupiga kelele, pumzi haikutosha. "Amina," waliitikia watu wote sebuleni, na katikati ya sauti zile aliisikia ya Kandida.