Mchoro wa Mwezini kwenye Ukuta wa Masakta

Tarehe 14 Agosti 2024. Upepo wa baridi ulishuka kutoka Mlima Hanang tangu alfajiri, na vumbi likatanda mpaka saa nne.

Mwalimu Mwita alikuwa na mwaka wa saba katika sekondari ya Masakta, mbali na kwao Tarime. Fizikia ya kidato cha nne ilibaki na mwanafunzi mmoja, Juliana. Kidato cha tatu hakuna aliyeichagua. Mkuu wa shule alishamwambia kwamba Juliana akiondoka, chumba cha fizikia kinakuwa stoo ya mahindi.

Siku hiyo baba yake Juliana, mzee Yonas, alikuja kumchukua. Malisho yalikwisha, na kesho yake familia ilikuwa inahama na ng'ombe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nimemfuata mtoto."

Mwita hakubishana. Alimwingiza darasani, akamwonyesha ukuta aliouchora mwenyewe: Dunia chini, Mwezi juu, na kati yao mistari ya safari, kama wanavyochorewa wanaanga kabla ya kuondoka. Akamweleza kwamba Juliana anausoma wote bila kusaidiwa. Alitaka mzee aone binti yake ana kichwa cha namna gani.

Yonas aliegemea fimbo, akauliza kama huko juu kuna nyasi. Hakuna. Na maji ya kunyweshea? Hakuna. Akacheka, akasema basi watu hao hawajui kuhama. Kisha akaanza kufuata mstari kwa ncha ya fimbo, akiuliza kila alama. Vipande hivi vinavyoanguka? Mwita, kwa furaha ya kuulizwa, alieleza kwamba ni matangi yaliyokwisha kazi. Chombo kikiyabeba hakifiki. Na huyu anayezunguka peke yake? Analinda chombo cha kurudia nyumbani wenzake wakishuka. Cha kushukia huachwa hukohuko.

Mzee alishusha fimbo. Kwao pia wengine hutangulia na mifugo, mmoja hubaki kulinda boma, na kisichobebeka huachwa. Alimtazama Mwita kwa upole.

"Kumbe unajua, mwalimu. Mtu akihama habebi vyote. Sisi tunaacha shule."

Mwita alisema tu kwamba mtihani ni Novemba.

"Novemba tutakuwa mbali."

Juliana, aliyesimama mlangoni na begi lake, aliuliza kama arudishe kitabu. Mwita akamwambia akae nacho.

Asubuhi iliyofuata Mwita alitoa madawati nje, akasaidiana na mlinzi Festo kupanga magunia ya mahindi ukutani. Dunia ikafunikwa kwanza. Kufika saa ya chai, magunia yalikuwa yamefika Mwezini.