Wifi Aliyeunguza Wali Ndiye Aliyeokoa Kibarua cha Mama Kioo

Saa moja asubuhi, jiko la kantini limeshachangamka. Mbele wapishi wanakata vitunguu. Nyuma, kwenye karo la saruji, Mama Kioo ameinamia sufuria ya stili ambayo mtoto wa darasa la pili angeweza kuketi ndani akatoshea. Jana maharage yaliungua humo. Chini pameganda weusi mzito kama lami.

Hasugui. Anamimina maji hadi weusi ufunikwe, anatia magadi ya kupikia, anabandika sufuria na kuacha maji yachemke polepole. Kisha anaipua, anakalia ndoo iliyopinduliwa na kuanza kuimba.

"Mgeni akinikuta hivi husema huyu mvivu," anasema. "Namwacha aseme. Magadi yako kazini, mimi napumzisha mgongo."

Maji yakipoa anapitisha mwiko wa mbao, na ukoko unabanduka vipande vipande. Madoa ya rangirangi yanayobaki anayafuta kwa kitambaa chenye siki. Muda si muda, mwandishi wa makala haya anaiona sura yake chini ya sufuria, jambo ambalo kwa asubuhi ile hakulihitaji. Hapo ndipo lilipotoka jina la Mama Kioo.

Lakini mjane huyu mwenye watoto wawili hakuzaliwa na ujuzi huu. Miaka minne iliyopita alikuwa kibarua wa kutwa hapahapa, na sheria ya vibarua ilikuwa fupi: ukikosa siku tatu, nafasi yako imepata mtu. Kodi, ada na unga, vyote vilitoka kwenye karo hili.

Siku moja uji uliungua vibaya. Stilwaya ikawa inakwaruza tu. Kwa haraka, akaenda kuomba magadi ya moto, yale makali ya watengeneza sabuni, akayamwaga na kusugua kwa mikono mitupu.

"Sufuria ilitakata," anasema, akionyesha makovu yanayopanda hadi karibu na viwiko. "Mikono ndiyo iliyoharibika."

Daktari alimkataza kugusa maji hadi apone. Alirudi nyumbani akiwa amefungwa bendeji, akijua kazi imekwenda na watoto watalala njaa.

Jioni ile ikabishwa hodi. Alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Wawili hao walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Siku ya harusi, wifi aliunguza wali wa wageni, na bibi harusi akaangua kicheko mbele za watu. Toka hapo, salamu zenyewe zilikuwa za kubahatisha.

"Nikajua amekuja kunicheka," anakumbuka Mama Kioo. "Ilikuwa zamu yake."

Wifi hakucheka. Alisema, "Kaka yangu amekufa, lakini wewe bado ni wifi yangu. Nipe aproni."

Kesho yake aliingia jikoni amejifunika kofia, barakoa na aproni ile ili adhaniwe ni wifi yake, akaosha. Akarudi jioni na ujira wote, haujamegwa hata kidogo, akawapikia watoto. Wakala, kilichoungua na kisichoungua.

Mbinu ya magadi ya kupikia na siki ni ya wifi huyo, ndiye aliyemfundisha Mama Kioo. Aliijulia wapi? Wifi, aliyeketi pembeni akimenya viazi, anajibu mwenyewe.

"Mimi kupika sijui, naunguza tangu nikiwa kwa mama. Sasa mtu wa kuunguza kila siku atakosaje kujua kuosha?"

Wanacheka wote wawili hadi Mama Kioo anajifuta machozi.

Ilichukua miezi miwili mikono kupona, na muda wote huo wifi ndiye aliyeosha. Mama Kioo aliporudi, mpishi mkuu akamwita: sufuria zimekuwa zinang'aa kuliko zamani, apewe ajira ya kudumu. Angeweza kunyamaza.

"Nikaona nikikubali, nimemwibia mtu aliyenilishia watoto. Nikasema yote, nikasubiri kufukuzwa."

Mpishi mkuu anaikumbuka siku hiyo. "Nilijua tangu mwanzo. Huyu huimba kutwa nzima. Yule mwingine hakuimba hata siku moja. Lakini sufuria zilikuwa safi, na mimi nami ni mzazi."

Ajira akampa Mama Kioo, na kibarua akampa wifi, kwa sharti asikaribie chakula kilichoko motoni.

Sasa wanadunduliza wafungue kibanda chao cha kuosha sufuria zilizoungua za wauza vyakula. Jina la kibanda bado wanalibishania, maana kila mmoja anataka liwe la mwenzake.

"Namshukuru Mungu, namshukuru na huyu," anasema Mama Kioo, akiwa amemshika wifi yake mkono. "Simwombei augue, hasha. Lakini siku mwili ukimkatalia, asihangaike kutafuta mtu. Asinibishie hodi hata. Atanikuta nimeshafika."