Gambuti ya Kulia

Mwalimu yule wa famasia alikuja chuoni, pale Kesses, na gambuti zenye tope hadi magotini. Nakhumicha, fundi wake aliyempikia dawa maabarani, alikuwa amezizoea, kama alivyozoea vidole virefu vya mwalimu huyo vikizungusha picha ya molekuli kwenye kompyuta huku akisema "eeh, eeh" kama anayebembeleza ng'ombe asimame akamuliwe. Alikuwa akitafuta molekuli inayofanana na dawa ya zamani ya malaria. Molekuli nazo, alifundisha, zina ya kulia na ya kushoto, kama taswira ya kiooni. Kila mwaka alivua gambuti ya kulia mbele ya wanafunzi, akaulazimisha mguu wa kushoto uingie humo, nao wakacheka. "Zinafanana kabisa, si ndiyo? Sasa jaribuni kutembea nazo."

Mwaka huu kompyuta ilimpa molekuli iliyokaa vizuri kabisa ndani ya kimelea cha malaria. Akamchorea Nakhumicha karatasini, naye akaipika msimu mzima wa mvua. Hakuna kimelea kilichokufa. Mwalimu aliushika mchoro wake dirishani, akautazama kwa upande wa nyuma, na ndipo ukalingana na picha ya kompyuta.

"Pole, Nakhumicha," akasema polepole. "Nilikuchorea ya kushoto."

Pesa za mradi zilikuwa zimeisha, na kazi ya Nakhumicha pia. Siku ya kurudisha funguo za maabara alisimama mlangoni mwa darasa. Mwalimu alikuwa amefika kwenye somo lile la gambuti. Aliinama, akaishika, lakini hakuivua.

"Zinafanana," aliwaambia.

Wanafunzi walikuwa bado wanangoja kucheka.