Mwana-Kondoo wa Sukari na Sahani ya Kyungu

Mvua ya kwanza ikipiga udongo mwekundu uliokaangwa na jua, watu wengine husema kilimo kimefika. Mimi husikia harufu ya keki. Msinicheke. Katika nyumba yetu ya mtaa wa Katuba, enzi za Wabelgiji mji wetu ulipoitwa bado Élisabethville, tanuri la baba lilikuwa kichuguu. Kilisimama nyuma ya nyumba, kirefu kumpita yeye mwenyewe. Alikitoboa ubavuni, akawa anawasha kuni humo ndani mpaka kuta zinashika moto, anazoa makaa yote, ndipo anaingiza chombo na kuziba mdomo kwa bati na tope. Tope lile likigusa udongo wa moto, na tone la vanila lililobaki chini ya chupa ya Madamu, yule Mzungu aliyemwajiri baba, ndiyo harufu ninayoisema.

Baba alikuwa mpishi kwa Wazungu mjini. Aliondoka na baiskeli alfajiri, akarudi jua likizama, na siku nyingi nilimjua kwa harufu ya shati lake kuliko kwa maneno yake. Ndugu wa kucheza naye sikuwa naye. Au niseme nilikuwa naye, na hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Mimi naitwa Kabange. Kwetu, watu wa kaskazini mwa Katanga, jina hilo halichaguliwi. Wakizaliwa pacha, wa kwanza ni Kyungu, anayemfuata ni Kabange. Kyungu wangu hakufikia hata kutambaa. Lakini nyumbani kwetu pacha hakusemwa kwamba amekufa. Amerudi alikotoka, basi, na mama yake hakuruhusiwa kumlilia, kwa sababu machozi yangemwita yule aliyebaki amfuate mwenzake. Kwa hiyo mama hakulia. Mtaa mzima uliendelea kumwita Mama Mapasa, yaani mama wa pacha, na kumsalimia kwa mikono miwili. Kila alichonipa mimi alikitoa mara mbili. Alishona magauni mawili ya kitambaa kimoja, akanunua vikombe viwili. Mezani, kando yangu, palikuwa na kiti cha Kyungu na sahani yake yenye bukari, ugali wetu, na samaki, ambayo tukimaliza kula ilipelekwa kwa watoto wa jirani.

Watoto haohao walikula samaki wa Kyungu lakini waliogopa kucheza nami. Walisema nikikimbia, kuna mwingine anakimbia nyuma yangu. Niliketi kizingitini nikiwaangalia wakiruka kamba, na nilihisi upweke ambao sikuwa na jina la kuupa. Hata mama aliponitazama, niliona macho yake yanapita kidogo pembeni, yakitafuta nafasi ya yule mwingine.

Nilipofika miaka minane nilikubaliwa komunyo ya kwanza. Baba alikuwa amemwokea binti wa Madamu keki ya umbo la mwana-kondoo, kama Wabelgiji walivyopenda siku ya komunyo, naye akaniahidi gato kama ile. Nikamvuta shati.

"Baba, gato moja? Moja tu?"

"Moja," akasema. "Komunyo ni ya muntu mumoja."

Jumamosi, mama akiwa kanisani na wenzake kupanga maua, tukaanza kazi. Baba alinipa kinu nitwange sukari mpaka iwe unga, tukaichuja kwa kitambaa. Aliupiga ute wa mayai kwa uma huku akiuhimiza kwa Kifaransa upande juu, "Monte, monte," kana kwamba ute wa yai hauelewi Kiswahili. Ili kujua joto la kichuguu, alirusha unga kidogo ndani na kusali Salamu Maria mbili. Unga ukiungua kabla ya amina, moto ni mkali mno, ngoja kwanza. Siku hiyo tulisali sana.

Keki ilipopoa, aliichonga kwa kisu: kichwa, mgongo, miguu iliyokunjwa. Manyoya tuliyatengeneza kwa povu la ute na sukari, tukiyavuta juu kwa ncha ya kijiko. Macho, punje mbili za pilipili manga, niliyaweka mimi mwenyewe. Kusema kweli shingo ilitoka fupi. Jirani yetu, Mama Yozefina, alichungulia juu ya ua.

"Eh, Baba Mapasa! Imbwa yenu iko muzuri!"

Baba, fundi wa meza za Wazungu, alinuna mpaka jioni. Mimi, awe mbwa awe kondoo, nilimpenda. Nilimfunika kwa chandarua cha nzi na kumweka juu ya kabati, nikarudi kumtazama mara nyingi.

Jumapili baada ya misa majirani walikuja. Nilikaa na gauni langu jeupe. La Kyungu lilikuwa limetandazwa kwenye kiti chake. Baba akaleta mwana-kondoo mezani, watu wakapiga makofi. Mama akatoka jikoni na sahani mbili, akaitazama keki, akakitazama kile kiti.

"Na ya Kyungu iko wapi?"

"Mayai ilikuwa sita tu," baba akasema. Hakujua kudanganya, alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mama hakugomba. Alichukua kisu akampasua mwana-kondoo kutoka puani hadi mkiani, polepole, kwa haki kabisa, kila upande ukabaki na jicho moja. Nusu akaiweka mbele yangu, nusu mbele ya gauni tupu.

Sijui sauti ile niliitoa wapi. "Kyungu alikufa!" nilipiga kelele. "Alikufa! Miye niko mumoja!"

Maji yakimwagika hayazoleki. Mama Yozefina aliziba mdomo kwa kiganja, akainuka, na wengine wakamfuata bila kuaga. Nilingojea kofi, na ningelipokea kwa furaha. Badala yake mama aliibeba nusu ya Kyungu, akaileta kwenye sahani yangu, akaibana na nusu yangu mpaka sukari ikamtoka kati ya vidole.

"Kula yote," akasema. "Weye peke yako."

Aliingia chumbani akafunga mlango. Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia nyumbani kwetu: mama analia, kwa sauti, kama wanavyolia wanawake matangani. Nilijua machozi yale yana kazi gani. Niliamini mama amechagua kati yetu wawili, na kwamba ananiita niende kwa mwenzangu. Baba alikaa nami, na nilikula kwa sababu niliambiwa nile.

Siku nyingi baada ya hapo nilitembea polepole, nikingoja kufa. Kiti cha Kyungu kilihamia barazani, sahani ikabaki moja. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na upande wangu wa kushoto palikuwa patupu hata nikashindwa kula nikiutazama.

Nilikuwa mwanamke mwenye watoto nilipothubutu kumwuliza mama juu ya kilio kile. Tulikuwa tunachambua maharagwe, naye hakuacha kuchambua.

"Miaka munane nilijizuia, Kabange," akasema. "Niliogopa nikimulilia Kyungu, weye utamufuata. Ile siku ukapiga makelele pale mbele ya bantu. Nikasema: huyu iko na nguvu, huyu hatakwenda. Njo ile saa nikalia."

Niliinama juu ya ungo, nikaendelea kuchambua. Miaka minane nilikuwa nimemwonea wivu marehemu kwa sahani ya bukari, na muda wote huo mama alikuwa amemeza msiba wake mzima mzima ili mimi nibaki.