Mofa ya Bi Kijakazi

Imetangazwa, na tangazo likarudiwa mara tatu redioni ili asiwepo wa kusingizia kutosikia, kwamba gesi ya kupikia imemfikia kila mwananchi, wa bara na wa visiwani, kwa bei anayoimudu, na kwamba moshi jikoni sasa ni historia.

Kwa Bi Kijakazi wa Mtambile historia hiyo ilianza Jumatano. Miaka arubaini alikuwa akioka mikate ya mofa: alfajiri huwasha vifuu na makumbi ya nazi ndani ya mofa yenyewe, tanuri la udongo, moto ukitulia akaibandika mikate ubavuni, na jua likichomoza wachumaji karafuu wamekwishaimaliza. Hakuwa na kazi nyengine wala hakuitaka. Mradi wa gesi ulipoleta mitungi ya bure, sharti lilikuwa moja: anayepokea avunje jiko lake la zamani, na apigwe picha akivunja.

"Mofa hii kaifinyanga Bi Asya," alisema, "na Bi Asya yuko kaburini Fundo, mwaka wa tatu huu. Mfinyanzi mwengine hakuna."

"Weye utapikia moto wa buluu kama hotelini," alijibu sheha, Mzee Silima, "nawe bado walilia udongo?"

Watu wakacheka, na Bi Kijakazi akacheka nao. Akaivunja kwa mchi wa kinu, kwa kuwa nyundo ya mradi ilisahauliwa mjini Chake.

Mkate wa mofa haubandikiki kwenye jiko la gesi, basi akapika chapati. Chapati kila nyumba hujipikia. Wateja walinunua kwa heshima tu. Siku ya ishirini moto ukafifia. Akaulaza mtungi ubavu, akaumwagia maji ya moto aliyoyachemsha kwa kuni za jirani, ukampa siku moja zaidi. Kisha akaupakia garini hadi Madungu, kwa Haidar muuza gesi.

"Meli ya mzigo haijaja, Bi Kijakazi. Gesi haipandi meli ya abiria."

"Na ikija?"

Haidar akamtajia bei. Ilikuwa mara mbili ya ile ya redioni.

"Mbona redio imesema vyengine?"

"Redio imesema ya Dar es Salaam, mama yangu. Bei ile haikuvuka bahari."

Alirudi na mtungi mtupu. Akaviokota vigae vya mofa, akaviunga kwa udongo, akawasha. Ikapasuka na mikate yake ndani. Akaiunga tena, ikapasuka tena. Wachumaji wakahamia mikate ya boflo ya dukani. Mtungi akaufunika kanga kuukuu, na chakula akawa analetewa na mwanawe, Rahila, kutoka nyumba ya pili.

Mwezi wa Rajabu alikuja karani wa mradi kuhesabu mafanikio.

"Bibi, unapikia kuni?"

"Sipikii."

"Mkaa?"

"Mie sipiki, mwanangu."

Karani akachungulia jikoni. Hapakuwa na moshi wala jivu. Akatia alama ya mafanikio kwenye simu yake, akashukuru, akaenda zake. Nyumba ya Rahila, ambako chakula cha Bi Kijakazi hupikwa kwa kuni, haimo katika orodha ya mradi.